Dhambi Ilivyovunja Kazi Njema ya Mungu

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo sura ya 1 hadi ya 4; Yoane sura ya 9; Waroma sura ya 5 na ya 8.

 

Sisi mashemasi tunaitwa mara nyingi penye kilio. Tunakwenda kuomba, kuimba na kufariji. Lakini katika vilio vingi, hata kabla ya maiti kuzikwa, kuna swali moja linaloanza kutembea kati ya watu, kwanza kwa sauti ndogo, nyuma kwa sauti kubwa: ni nani amefanya hivi? Hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza ni mtu gani. Na mwisho wa swali hilo tunaujua sisi sote. Mama mzee anafukuzwa katika nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake. Mtoto yatima anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyewala wazazi wake, na tangu siku ile analala sokoni chini ya meza za wauzaji. Wanaofanya hivyo si wapagani tu. Wengine wanatoka katika ibada, Biblia ikiwa mkononi.

Kwa sababu hiyo tumechagua somo la leo: namna gani dhambi ilivyovunja uumbaji ambao Mungu aliufanya mwema. Ndugu, asiyejua mauti yalipitia mlango gani kuingia duniani, atayatafuta kila siku katika mlango wa jirani yake.

1. KAZI YA MUNGU ILIKUWA NJEMA

Tufungue Mwanzo sura ya 1. Sura hiyo inatuongoza siku kwa siku, kama fundi anayewaonyesha watu nyumba aliyoijenga: hapa mwanga, hapa maji, hapa nchi kavu na majani, pale jua na mwezi, samaki, ndege, nyama wa pori, na mwisho mtu. Mara saba katika sura hiyo imeandikwa kwamba Mungu aliangalia kazi yake akaiona ni njema. Na mara ya saba, mtu alipokwisha kuumbwa, neno linaongezwa nguvu: haikuwa njema tu, ilikuwa njema sana.

Tushike hesabu hiyo. Mara saba njema, na hata mara moja mbaya. Mungu hakuumba mauti. Hakuumba msiba. Hakuumba mtu mmoja na kumweka kando ili awe mwenye kula wenzake usiku. Mtu anayesema kwamba mtoto fulani alizaliwa mlozi tangu tumboni, anamwambia Mungu kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Hilo ni neno zito, na mwenye kulisema atajibu mbele ya Muumba.

Katika sura ya 2 tunaona Mungu akimweka Adamu katika bustani ili ailime na kuitunza. Kwa hiyo kazi ilikuwako kabla ya dhambi. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda shambani, baba anayesukuma kinga iliyojaa magunia, hawabebi laana kwa sababu wanafanya kazi. Kazi ni heshima ambayo mtu aliipokea angali safi. Tena Adamu na mke wake walikaa bila nguo wala hawakuona haya, maana hapakuwa na kitu cha kuficha. Mungu na mtu, mume na mke, mtu na udongo, mtu na mwili wake mwenyewe: vyote vilipatana. Huo ndio uumbaji kamili.

2. MBEGU ILIYOLIWA

Wengine wanauliza: kama Mungu alifanya yote mema, mbona aliweka mti wa kukatazwa katikati ya bustani? Swali hilo tunalisikia hasa kwa vijana wanaosoma, na si vizuri kuwagombeza. Tuwajibu.

Kila nyumba ya mkulima inajua mahindi ya mbegu. Yanafungwa pamoja na kutundikwa juu ya moshi wa jiko. Miezi ya njaa ikifika, watoto wanayaangalia kila jioni, lakini hakuna anayeyagusa. Je, baba ana choyo? Hapana. Baba anajua kwamba mwenye kula mbegu amekula mwaka unaokuja. Aliwapa watoto ghala lote wale. Alikataza fungu moja tu, na katazo hilo lilikuwa la kuwaletea uzima.

Hivyo ndivyo Mungu alivyofanya. Aliwaruhusu miti yote, akawakataza mmoja. Kwa mti huo mtu alikuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba anamwamini Baba yake. Bila nafasi hiyo tungekuwa kama jiwe, ambalo haliasi lakini halipendi.

Na nyoka alifanya nini? Hakuanza kwa kusifu matunda. Alianza kwa kumharibia Mungu jina. Alimfanya Hawa afikiri kwamba Mungu anawaficha kitu, kwamba Baba ana wivu kwa watoto wake. Neno hilo lilipoingia moyoni, mkono ulifuata. Imani ilivunjika kabla ya tunda kuvunjwa. Na Adamu hakuwa mbali: Maandiko yanasema mke wake alimpa naye akala. Hakuuliza, hakukataza, hakusema neno.

Basi mbegu ililiwa. Na mbegu ikiliwa, si yule aliyekula tu anayelala njaa. Watoto ambao hawakuwako siku ile, hata wale ambao bado hawajazaliwa, watakuta shamba tupu. Ndiyo maana Mtume Paulo anafundisha katika Waroma sura ya 5 kwamba dhambi iliingia duniani kwa mtu mmoja, na kwa dhambi mauti yakaingia, yakawafikia watu wote. Amesema wote. Hakuna jamaa moja iliyozaliwa na dhambi zaidi kuliko nyingine. Hakuna mtoto mmoja katika nyumba aliyepewa giza wakati ndugu zake walipewa mwanga. Sisi sote tulikuta shamba moja, na ghala moja tupu.

3. VITU VINNE VILIVYOVUNJIKA

Tuangalie sasa vizuri yale yaliyovunjika siku ile.

Kwanza, mtu alivunjika na Mungu. Adamu aliposikia Mungu akitembea bustanini wakati wa jioni, alijificha kati ya miti. Yule aliyekuwa akimpokea Mungu kama mtoto anavyompokea baba anayetoka kazini, sasa anamkimbia. Mungu ndiye aliyemtafuta. Mambo ya kwanza Mungu aliyoyasema baada ya dhambi hayakuwa matusi wala radi. Yalikuwa swali, alitaka Adamu aseme mahali alipo. Tunalipenda neno hili. Kabla ya hukumu, Mungu alitafuta.

Pili, mtu alivunjika na mwenzake. Mume na mke walishona majani wapate kujificha hata wao kwa wao. Sura moja baadaye, Kaini anamwua Abeli shambani. Watoto wa kwanza wa dunia, waliozaliwa na mama mmoja, na tayari kuna damu. Tena Mungu anauliza, na safari hii anauliza ndugu yuko wapi. Hayo ni maswali mawili ambayo kila Mkristo atayajibu: wewe mwenyewe uko wapi, na ndugu yako yuko wapi. Katika nchi yetu, tangu vita vya 1996 na vile vilivyoanza 1998, swali la pili limeulizwa juu ya makaburi mengi, na wengi wetu tumejibu kama Kaini, kwamba hatukuwekwa kuwa walinzi.

Tatu, mtu alivunjika na udongo. Udongo ulilaaniwa kwa ajili ya mtu, ukaanza kutoa miiba. Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili. Tanuru la kuyeyusha shaba lilianza kazi Lubumbashi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulifuata upepo, na upande ule ambako upepo uliupeleka miti ilikufa, udongo ukabaki mtupu, umejaa madini yanayodhuru majani na watu. Shaba yenyewe si dhambi. Mungu ndiye aliyeiweka chini ya nchi. Tamaa ya kutoa bila kutunza ndiyo iliyofanya hivyo. Na sisi wadogo tusijitoe: miti ya pori inayozunguka miji yetu inakatwa kwa makala, na wachomaji wanalazimika kwenda mbali zaidi kuliko baba zao. Adamu aliambiwa kulima na kutunza. Tumeshika neno la kwanza, la pili tumelisahau. Paulo anasema katika Waroma sura ya 8 kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, kama mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mwenye masikio na asikie udongo unavyougua.

Nne, mtu alivunjika na mwili wake mwenyewe. Aliyetoka mavumbini aliambiwa kwamba atarudi mavumbini. Tangu hapo mwili unachoka, unaugua, unakufa. Hapa, wapenzi, tunaomba mtege masikio, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjikia.

Dunia iliyovunjika ina magonjwa, na magonjwa yana njia zake. Malaria inaletwa na mdudu mdogo sana anayeingia katika damu mbu jike anapouma. Jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1897. Mbu haulizi jina la ukoo. Anaingia nyumba ya mchungaji na nyumba ya mlevi.

Tuchukue na mfano wa ugonjwa ambao tunauita SS. Katika ugonjwa huo chembe za damu, zilizotakiwa kuwa za mviringo, zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, damu inapunguka, macho yanageuka manjano. Mtoto anaupata ugonjwa huo kwa kupokea sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Baba na mama wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, maana kila mmoja amebeba nusu tu, ile inayoitwa AS. Wazazi wawili wa AS wakioana, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS. Na hesabu inaanza upya kwa kila mimba. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kupata watoto wawili au watatu wagonjwa wakifuatana, na jirani asipate hata mmoja.

Sasa fikirini nyumba hiyo. Mtoto wa kwanza amekufa, wa pili amekufa, wa tatu anaugua. Nyanya wa watoto anakaa katika chumba cha nyuma. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko wa miaka hamsini. Watu wanasema: ni yeye. Nyumba inagawanyika, nyanya anafukuzwa, na mtoto wa tatu hapelekwi hospitalini, kwa sababu wanasema dawa ya munganga haiwezi kitu juu ya ulozi. Mtoto naye anakufa. Ni nani aliyemwua? Tujibu kwa woga wa Mungu.

4. KIDOLE CHA ADAMU

Turudi bustanini. Katika Mwanzo sura ya 3 Mungu anauliza maswali manne: matatu kwa Adamu, moja kwa Hawa. Kwa nyoka hakuuliza kitu, alimhukumu tu. Na Adamu, alipoulizwa kama amekula, alijibu nini? Alimwonyesha mke wake. Tena alimgusa hata Mungu, akikumbusha kwamba mwanamke huyo ni Mungu aliyempa. Hawa naye alimwonyesha nyoka.

Angalieni, wapenzi. Tunda la kwanza la dhambi, kabla ya miiba, kabla ya mauti, lilikuwa kidole kilichonyoshwa. Siku chache kabla, Adamu alikuwa amemwita mwanamke huyo mfupa wa mifupa yake. Sasa yuko tayari afe yeye ili apone mwenyewe. Kula tunda kulikuwa dhambi ya kwanza; kumsukumia mwenzake kulikuwa ya pili, na hiyo ya pili ndiyo tunayoirudilia zaidi hata leo. Kidole kinachomwonyesha mama mzee penye kilio ni kidole kile kile cha Adamu.

Mtu atasema: je, shemasi anataka kutuambia kwamba Shetani hayuko? Hapana. Nyoka alikuwa pale bustanini, na hata leo anafanya kazi. Kuna watu wabaya, kuna sumu, kuna chuki inayotafuta kuua. Lakini fahamuni namna Mungu alivyofanya. Mungu mwenyewe alimhukumu nyoka. Hakumpa Adamu fimbo ampige Hawa. Na zaidi: nyoka alilaaniwa, udongo ulilaaniwa, lakini juu ya Adamu na Hawa, hata katika adhabu yao, neno la laana halikutajwa. Kisha Mungu akawatengenezea nguo za ngozi akawavika. Mwenye kuhukumu ndiye aliyewafunika aibu yao. Kama Mungu aliwavika wenye kosa la kweli, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumvua nguo mama mzee mbele ya wajukuu wake kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona?

5. YESU ALIPOULIZWA SWALI HILI

Swali letu si jipya. Katika Yoane sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Walidhani kuna majibu mawili tu. Bwana aliyakataa yote mawili. Alisema si yeye wala wazazi wake, akainama, akatengeneza tope, akampaka macho, akamtuma kunawa. Wao walitafuta mkosaji. Yeye alitafuta kuponya. Walikuwa bado wanaongea na Yeye mikono yake ilikuwa tayari na tope.

Katika Luka sura ya 13 Bwana anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba hapana. Lakini anawaambia wasikilizaji watubu wao. Na rafiki za Yobu, waliokaa naye siku saba bila kusema neno, walifanya vizuri siku zile saba. Walipofungua kinywa na kuanza kutafuta kosa lake ndipo walipoharibu, na mwisho Mungu aliwakasirikia.

Tena tusisahau sisi ni watoto wa nani. Makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika katika nchi yetu yanamkumbuka Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuponya kule Nkamba mwezi wa 4 mwaka 1921. Watu walitupa hirizi zao, wakaacha wake wengi, wakaacha ngoma za uchafu. Mwezi wa 10 mwaka ule ule hukumu ya kufa ilikatwa juu yake. Nyuma ikageuzwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, hata alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa mbali na vijiji vyao. Basi, kama mababa wetu wa imani walishitakiwa, wakafungwa, wakatengwa na jamaa zao bila kosa, inawezekanaje leo kanisa la watoto wao liwe mahali pa kushitaki na kutenga? Aliyeonja ukali wa mahakama ya uongo asiifungue tena katika ua wa kanisa.

6. JUU YA MAONO NA NDOTO

Tunajua kwamba neno hili ni gumu kwa wengine, maana katika makusanyiko yetu kuna waonaji, na Roho Mtakatifu anasema hata leo. Hatuzimi Roho. Lakini Mtume ametufundisha kujaribu kila neno. Tunayajaribu namna gani? Kwa matunda yake. Ono linalomwita mwenye kuota atubu, linalopatanisha mke na mume, linalomtuma mgonjwa apate msaada, tunalishukuru. Ono linalotaja jina la mama mzee, likatenganisha jamaa, na nyuma yake mfuko wa pesa ukatembea kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hilo linafanana na sauti ya nani bustanini? Nyoka ndiye aliyemtenganisha mume na mke. Shetani ndiye anayeitwa mshitaki wa ndugu. Roho Mtakatifu anaitwa Msaidizi na Mteteaji.

Na hata sheria ya nchi imefika mahali ambapo kanisa lingepaswa kuwa la kwanza kufika. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda watoto inarudilia katazo hilo. Ni aibu kwetu kama polisi atamlinda mtoto yatima zaidi kuliko kwaya iliyoimba kwenye kilio cha mama yake.

7. ADAMU WA PILI, NA KAZI YETU

Ndugu wapenzi, kama habari ingeishia katika sura ya 3 ya Mwanzo, tungebaki kulia tu nje ya bustani. Lakini Mungu, aliyemtafuta Adamu jioni ile, hakuacha kutafuta. Alimtuma Mwana wake, ambaye Paulo anamwita Adamu wa mwisho. Linganisheni hao wawili. Adamu wa kwanza alikuwa na kosa, akalisukumia kwa mwingine. Adamu wa pili hakuwa na kosa, akayabeba ya wengine. Wa kwanza alimtoa mke wake ili apone. Wa pili alijitoa mwenyewe ili bibi-arusi wake, ni kusema Kanisa, apone. Miiba iliyotoka katika udongo kwa ajili ya dhambi, aliivaa kichwani. Na hata msalabani, ambapo angeweza kuonyesha kidole kwa kila mmoja, aliwaombea waliomtesa.

Kwa Yeye, mbegu iliyoliwa imepatikana tena. Alisema mwenyewe kwamba chembe ya ngano isipoanguka katika udongo na kufa, inabaki peke yake. Ikifa, inazaa nyingi. Adamu alikula mbegu. Yesu alikuwa mbegu. Shamba litalimwa tena, na siku inakuja ambapo hakutakuwa kilio wala machozi. Bado hatujafika. Tunaugua pamoja na viumbe vyote. Lakini tunaugua kama mama anayezaa, si kama mtu anayekufa.

Basi, tukingoja siku ile, tunawaomba mambo haya.

Kwanza: penye kilio, Mkristo asianzishe swali la kutafuta mlozi, wala asilipokee. Akilisikia, aondoke au aseme neno la kutuliza. Mashemasi na akina mama wa kanisa wakae karibu na yule ambaye macho ya watu yanamgeukia. Wakae naye siku zote za kilio, wale naye bukari katika sahani moja, watu waone.

Pili: mgonjwa aombewe na apelekwe kwa munganga. Sala na dawa hazigombani. Bwana aliomba na alitumia tope. Mtoto mwenye homa asingoje mkesha wa sala uishe ndipo apelekwe kwenye kituo cha afya.

Tatu: vijana wanaotaka kuoana waende kupimwa damu, wajue kama ni AS, kabla mahari haijatolewa. Tusifiche jambo hili kama haya. Majani ya Adamu hayakumsaidia.

Nne: mtoto au mzee aliyefukuzwa katika nyumba ya mshiriki wetu, tumtafute. Tusiseme hayo ni mambo ya jamaa yao. Kaini naye alisema vile vile. Kila kusanyiko lijue watoto wangapi wa ndugu zetu wanalala nje, na liulize kila siku ya ibada, kabla ya matangazo mengine: ndugu yetu yuko wapi?

Tano: aliyekwisha kumfukuza mtu, aende amrudishe kabla ya kukaribia tena Meza ya Bwana. Tunajua kwamba ni vigumu. Jamaa watacheka, wengine watakasirika. Tutakwenda pamoja naye.

Tuombe.

Baba yetu, uliyefanya vyote vyema, tumesikia namna baba yetu Adamu alivyojificha na namna alivyonyosha kidole. Utukunje vidole vyetu. Uwafunike wazee waliovuliwa heshima, kama ulivyowavika wazazi wetu bustanini. Uwakusanye watoto wanaolala sokoni usiku huu, na ukitaka mikono ya kuwakusanya, chukua yetu. Uponye udongo wetu, damu yetu na nyumba zetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Adamu wa mwisho, aliyebeba na hakushitaki. Amina.